Kliniki ya Wiki ya Sita, Bila Mtoto

Benchi la kliniki ya watoto asubuhi ya Jumanne lina harufu yake: maziwa yaliyocheuliwa, poda, nepi iliyochelewa kubadilishwa. Mwaka juzi nilikaa kwenye benchi kama hilo katika kituo kimoja cha afya huku mashariki mwa Nairobi, nimemsindikiza jirani yangu. Kitabu cha kliniki alikuwa nacho. Leso alikuwa nayo begani. Mtoto hakuwa naye. Alikuwa amezaliwa mfu wiki sita zilizotangulia, mimba ikiwa ya miezi minane. Jirani alikuja kwa sababu siku aliyoruhusiwa kutoka wadi kuna mtu aliyeandika tarehe hiyo kwenye kitabu, kama wanavyoandikiwa wote, naye ni mtu wa kushika tarehe.

Zamu yake ilipofika sista hakuinua kichwa.

"Mtoto yuko wapi?"

"Sijamleta."

"Sasa tutachanja nini, mama? Enda umlete."

Tukaenda zetu. Ndani ya matatu aliniambia kwamba angemweleza, ila nyuma yetu kulikuwa na foleni ndefu na hakutaka kuwachelewesha watu.

Kwa muda mrefu nilimlaumu yule sista. Siku hizi nalilaumu daftari lake. Mbele yake kulikuwa na foleni iliyofika mlangoni na kurasa zenye safu za chanjo, na hakuna safu hata moja ya mama aliyekuja mikono mitupu. Nimekuja kuamini kwamba mama wa mji huu aliyefiwa na mtoto mchanga, au ambaye mimba yake imetoka, huruma haimkosi kabisa. Tatizo ni kwamba kila mahali palipompokea akiwa mjamzito palimpokea kwa ajili ya mtoto. Mtoto akishaondoka, hakuna palipobaki na sababu ya kumtafuta mama. Akili yake inaumia hapo, katika huo uwazi, na sisi tunashangaa mbona amebadilika.

Tazama ratiba yenyewe. Chanjo za kwanza mtoto anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10, ya 14, halafu miezi 9, halafu mwaka na nusu. Mama yeyote wa Kayole anaweza kukutajia tarehe hizo akiwa usingizini. Miongozo inataka mama mwenyewe pia aonwe baada ya kujifungua: ndani ya saa 48, tena wiki ya kwanza au ya pili, tena kati ya wiki ya nne na ya sita, tena mtoto akiwa wa miezi minne hadi sita. Mwulize mama yuleyule wa Kayole kuhusu tarehe hizi, atakutazama tu. Hali halisi ni kwamba mama anapimwa presha kwa kuwa amemleta mtoto kudungwa sindano. Mtoto ndiye kamba inayomvuta kliniki. Kamba ikikatika, hakuna anayeuliza aliyekuwa upande wa pili alienda wapi.

Na huyo angalau alikuwa na kitabu. Aliyetokwa na mimba ya miezi miwili au mitatu mara nyingi hajaanza kliniki kabisa. Anaanza kuvuja damu akiwa kazini, anapelekwa hospitali, anasafishwa, kisha anarudi nyumbani jioni ileile na bahasha ya dawa za maumivu na za kuzuia maambukizi. "Kusafishwa" ndilo neno tunalotumia. Sijawahi kulipenda.

Hawa si wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini, 21 hufa kabla ya kumaliza mwezi mmoja, na 32 kabla ya kufikisha mwaka. Hao ni waliozaliwa wakipumua. Waliofia tumboni hawamo katika hesabu hiyo. Duniani kote watoto wapatao milioni mbili kila mwaka huzaliwa wakiwa wafu, na mimba zinazotoka mapema ni karibu moja katika kila kumi hadi moja katika kila tano kati ya zile zinazojulikana. Mimba nyingi kati ya hizo hutoka kwa kasoro za kromosomu za kiumbe chenyewe, si kwa sababu mama alibeba mtungi wa maji au aligombana na mumewe. Keti kwenye chama cha akina mama ishirini wanaochanga Jumapili alasiri kule Umoja, uwaangalie mmoja mmoja. Utakuwa umeketi na kadhaa.

Madhara ya akili nayo yamepimwa. Mwaka 2020 watafiti wa London walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake zaidi ya 650 waliopoteza mimba changa. Mwezi mmoja baadaye asilimia 29 walikuwa na dalili za kiwewe, aina ile inayowapata wanajeshi na manusura wa ajali: picha zinarudi bila kuitwa, usingizi unakatika, mtu anakwepa barabara ya kwenda hospitali. Asilimia 24 walikuwa na wasiwasi wa kupindukia, na asilimia 11 sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka. Miezi tisa ilipopita, muda wa mimba nzima, asilimia 18 bado walikuwa na kiwewe. Hizo ni mimba changa, katika jiji ambalo mtu humpigia daktari simu akapangiwa siku ya kuonwa. Mama wa Mathare aliyembeba mtoto miezi minane nampimia wapi?

Niseme pia kwamba kulia si ugonjwa. Mtu akifiwa analia, anakosa hamu ya chakula, anasikia mtoto akilia chumba cha pili. Wiki za kwanza hayo ni majonzi yanayofanya kazi yake. La kutia wasiwasi ni yanapokataa kusogea: wiki baada ya wiki haamki, haogi, hali, anajilaumu kwa jambo ambalo hakulifanya, anasema afadhali angeondoka naye. Hapa Nairobi ni nadra kusikia mwanamke akisema ana sonona. Atasema "nina mawazo", au kichwa kinamuuma upande mmoja, au moyo unapiga mbio akipita ilipokuwa supamaketi ya Tuskys alikonunua nguo za mtoto. Atapewa tembe za kichwa. Atarudi tena wiki ijayo na kichwa kilekile.

Kila Oktoba tarehe 15, siku ambayo nchi nyingi huwakumbuka watoto waliopotea tumboni au wakiwa wachanga, simu yangu hujaa mabango yaleyale: tuvunje ukimya. Sina ugomvi na wanaoyatengeneza. Lakini jirani yangu hakuwa kimya. Wiki ile ya kwanza aliongea mpaka sauti ikakauka: jinsi mtoto alivyoacha kucheza Ijumaa, jinsi alivyodhani amelala, jinsi daktari alivyotazama skrini muda mrefu bila kusema neno. Ukimya ulikuwa wetu. Na tulipofungua midomo, tuliifungua ili kuufunga wake.

Utapata mwingine. Angalau hukuwa umemzoea. Shukuru uko hai. Mungu ana mpango. Mimi mwenyewe nilisema moja ya hizo, sitasema ipi. "Utapata mwingine" ndivyo tunavyomwambia mtu aliyevunja kikombe.

Nimewahi kuyacheka matanga yetu Wakenya: kamati yenye mwenyekiti na mweka hazina, hema na viti vya kukodi, namba ya paybill inayozunguka kwenye WhatsApp, programu ya mazishi yenye picha ya rangi, basi la kwenda ushago. Gharama zake zimefilisi watu. Lakini siku hizi nayatazama kwa jicho jingine, kwa sababu nimeona mtu akinyimwa. Katika matanga mfiwa haachwi peke yake. Kila anayeingia anauliza ilikuwaje, na mfiwa anasimulia kifo kilekile mara mia, mpaka ulimi unakizoea. Anapikiwa. Ana mahali rasmi pa kukaa, na watu wanajua wamsalimie vipi. Kuna siku ya mwisho, baada yake hema linakunjwa. Mshauri nasaha angetoza pesa nyingi kwa kazi hiyo, na asingeifanya vizuri kama mama watano wakimenya viazi uani.

Mama wa mtoto aliyezaliwa mfu hapewi hema. Katika familia nyingi ninazozijua mazishi ya mtoto kama huyo hufanywa haraka na watu wawili watatu, wanaume, mama mwenyewe akiwa bado wadi. Jirani yangu alikuwa na drip mkononi wakati mumewe na shemeji yake walipobeba boksi kwenda makaburi ya Lang'ata. Walirudi jioni na udongo kwenye viatu. Aliniambia kwamba alichokiona cha mazishi ya mwanawe ni hicho, udongo kwenye viatu vya mumewe, na kwamba alikataa visafishwe kwa siku kadhaa. Mume naye alirudi kazini kesho yake. Wenzake hawakuwa na habari.

Mimba ikiwa chini ya wiki 28, hata boksi ni bahati. Sheria yetu ya kusajili vizazi na vifo inahesabu kuwa ni uzazi mtoto anapotoka baada ya wiki ya 28, awe hai au mfu. Aliyetangulia kabla ya hapo hana karatasi, na kwa kawaida hospitali ndiyo inayojua alikopelekwa. Waislamu wa Majengo na Eastleigh wana utaratibu ulio wazi zaidi: kiumbe kilichotimiza miezi minne huoshwa, huvishwa sanda na kuzikwa, ingawa wanazuoni wanatofautiana kuhusu kumswalia, na mama huambiwa amejiwekea akiba ya akhera. Mtu aweza kuamini au asiamini. Lakini mama huyo amepewa kaburi na maneno ya kushika.

Wazee wa bara nao hawakuwa na mabango, ila walikuwa na majina. Mjaluo akikuambia anaitwa Owiti au Awiti, "aliyetupwa", uliza taratibu: mara nyingi mama alifiwa kabla yake, na jina lilikuwa hila ya kukidanganya kifo kwamba huyu naye si wa thamani. Mkikuyu ana Njoki, aliyerudi, na Kariuki, aliyefufuka. Tumejaa majina haya kwenye orodha za darasa na za mishahara, tunayaita kila siku bila kuyasikia. Mengi yalianza kama kumbukumbu ya msiba, iliyotundikwa shingoni mwa mtoto hai ili kijiji kisisahau kwamba mama yule alikuwa na wengine.

Mjini jina hufanya kazi kinyume. Jirani yangu alipofikisha miezi sita muuza duka wa ploti yetu alianza kumwita Mama Baby. "Mama Baby, unga ni ule wa jana?" Wote tukafuata. Alipotoka hospitali, muuza duka alimtazama akitafuta neno, akasema "siste". Tangu siku hiyo ni siste. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ila fikiria kuvuliwa cheo mbele ya watu wanaonunua mkate.

Kisha kuna maziwa, na hapa naomba msomaji mwanamume asiruke aya.

Siku ya tatu nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, blauzi imelowa mbele miduara miwili, anaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Kondo la nyuma likishatoka, homoni iliyokuwa ikizuia maziwa hushuka, na matiti hujaa ndani ya siku chache, mtoto awe yupo au hayupo. Hata mimba iliyotoka ikiwa ya wiki kumi na sita au zaidi yaweza kuleta maziwa. Mama mkwe wake, mwanamke mwema, alileta leso akamfunga kifua kwa nguvu mpaka akashindwa kupumua vizuri. Mama mboga akaleta majani ya kabeji, yale ya nje, yaliyokuwa yamelala kwenye baridi. Usiku mtoto wa nyumba ya juu alilia, maziwa yakaja yenyewe.

Wahudumu wa uzazi wanashauri matiti yasifungwe kwa kubanwa, kwa sababu maziwa yaweza kuziba na kuleta jipu. Sidiria inayoshika vizuri, kitambaa cha baridi, kukamua kidogo tu ya kupunguza maumivu, dawa ya maumivu. Zipo pia tembe za kukausha maziwa ambazo daktari aweza kumpa, japo hazimfai kila mtu, hasa aliyekuwa na presha ya mimba. Kusema hayo yote kunachukua dakika mbili. Hospitali ya uzazi ya Pumwani ina benki ya maziwa ya mama tangu Machi 2019, ya kwanza nchini, kwa ajili ya watoto wachanga waliokosa. Katika nchi nyingine mama aliyefiwa huulizwa kama angependa kutoa yake, na wapo wanaosema kutoa kuliwashikilia. Wengine hawataki hata kusikia. Vyovyote iwavyo, kuulizwa tu kungemaanisha kwamba kuna mtu aliyekumbuka kuwa ana maziwa.

Hospitali hiyohiyo ya Pumwani ilikuwa kwenye habari zote Septemba 2018, gavana wa wakati huo, Mike Sonko, alipoingia bila taarifa na picha za miili 12 ya watoto wachanga ndani ya maboksi na makaratasi zikazunguka nchi nzima. Tulibishana wiki nzima: nani asimamishwe kazi, nani anatafuta kura, mashine gani ilikufa. Nilingoja mtu aulize mama za watoto wale walikuwa wapi usiku ule, na kama walikuwa wakiziona picha hizo kwenye simu zao. Sikumsikia.

Kuna swali jingine ambalo mama wa mimba iliyotoka analisikia sana wodini, na si la pole. "Ulikunywa nini?" Utoaji mimba ni kosa la jinai nchini, isipokuwa pale Katiba, kifungu cha 26, inapouruhusu kwa dharura au kwa hatari kwa maisha au afya ya mama. Kwa hiyo kila anayefika akivuja damu, hasa akiwa kijana na bila mume kando yake, anaanza kama mtuhumiwa. Dawa na vyombo vya kumtibu ni vilevile, iwe mimba imetoka yenyewe au ameitoa, na wote wawili wana haki ya kutibiwa bila kuhojiwa. Lakini swali likishaulizwa halitoki. Mama anaenda nalo nyumbani na kujiuliza mwenyewe usiku: nilikunywa nini? Nilikula nini? Niliinama vipi? Nimewasikia wanawake wakijihoji hivyo miaka kumi baadaye, mambo ya paracetamol moja na safari ya boda boda kwenye matuta.

Kuhusu kazi nitakuwa mfupi, kwa sababu sheria yenyewe ni fupi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi. Kuhusu mimba iliyotoka haisemi neno waziwazi; wengi hutumia likizo ya ugonjwa, ambayo kisheria ni angalau siku saba za mshahara kamili na saba za nusu kwa mwaka. Likizo ya kufiwa haimo. Jirani zetu Tanzania, katika sheria yao ya mwaka 2004, mfanyakazi ana siku 84 za uzazi, na mtoto akifa kabla ya mwaka mmoja mama anastahili siku 84 nyingine. Afrika Kusini inatoa wiki sita kwa mtoto aliyezaliwa mfu au mimba iliyotoka katika miezi mitatu ya mwisho. India ilishaandika wiki sita kwa mimba iliyoharibika tangu 1961. Ufilipino ni siku 60. Hatuna cha kuvumbua, ni kunakili tu. Hata hivyo jirani yangu anasuka nywele kwenye saluni ya kamisheni. Asipogusa kichwa halipwi, na hakuna sheria kati ya hizo itakayomfikia. Alirudi wiki ya tatu. Mteja wa kwanza alimtazama tumbo kwenye kioo akauliza, "Ulipata boy ama girl?" Akajibu, "Boy." Mteja akasema hongera. Akaendelea kusuka.

Sasa tufanyeje? Jibu la haraka ni kumwambia amwone daktari wa akili. Hapa Nairobi maneno hayo yanasikika kama Mathari, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, na Mathari tumeigeuza tusi tangu enzi za mkoloni aliyeifungua mwaka 1910 kama nyumba ya vichaa. Kweli, wapo wanaohitaji daktari na dawa, na anayezungumza kuhusu kujiua anahitaji leo, si kesho. Afadhali siku hizi hofu moja imepungua: Januari 2025 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Lakini wengi hawajafika huko. Wanachohitaji ni mtu aliyefunzwa kidogo, mwenye muda, na anayerudi.

Hilo lishajaribiwa, tena hapahapa. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa pembezoni mwa Nairobi: wahudumu wa afya ya jamii wasio na shahada yoyote ya saikolojia walifunzwa kukutana na wanawake waliopitia ukatili, vikao vitano tu, wakijifunza kushusha pumzi, kupanga tatizo moja moja, kurudia mambo waliyoyaacha, kutafuta watu wa kuwashika mkono. Dhiki yao ilipungua kuliko ya wale waliopewa huduma ya kawaida ya muuguzi. Zimbabwe ndiyo iliyokwenda mbali zaidi: tangu 2006 bibi waliofunzwa huketi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuongea na mtu mwenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Yaani mawazo. Neno letu lilelile, na benchi.

Wahudumu tunao. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, kila mmoja na mkoba wake na kaya takriban mia moja za kutembelea, na simu ya kuingiza takwimu. Wanauliza kama choo kina sabuni. Wanauliza kama mtoto amechanjwa. Ninachoomba ni safu moja zaidi: mama aliyerudi mikono mitupu. Wadi inayomruhusu kutoka, kwa idhini yake, impe mhudumu jina. Mhudumu aende wiki ya pili na wiki ya sita. Aulize yale maswali kumi ya Edinburgh, ambayo tangu 1987 yanatumika duniani kupima sonona ya baada ya kujifungua na yanachukua dakika tano. Aliye hatarini apelekwe mbele. Asiye hatarini apate mtu wa kumwuliza mtoto alipewa jina gani.

Nilipomweleza jirani mpango wangu huu alicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi. "Huyo wa hapa kwetu? Huyo ndiye redio ya ploti." Ni kweli, nami sikuwa nimelifikiria. Katika ploti ya milango ishirini mwenye mkoba anajulikana, na kiatu chake kikionekana mlangoni kwako kila mtu anajua. Basi apigiwe simu, au aje mhudumu wa mtaa mwingine, au aelekezwe kwa waliopitia hayohayo. Still A Mum, iliyoanzishwa na Wanjiru Kihusa baada ya yeye mwenyewe kupoteza mimba, imekuwa ikiwakutanisha wazazi wa namna hii. Shirika la Msalaba Mwekundu lina namba 1199, haitozi pesa. Jirani aliipiga usiku mmoja akiwa amejifungia chooni, sehemu pekee ya ploti yenye komeo. Anasema aliyepokea hakumwambia atapata mwingine.

Alipata. Mwaka huu ana mimba ya miezi mitano, na kama kuna aliyedhani mimba mpya ingeponya ile ya zamani, aje alale hapa usiku mmoja. Anahesabu mateke. Anaamka saa tisa za usiku kunywa maji baridi ili mtoto ashtuke acheze. Hakununua hata soksi. Muuza duka ameanza tena, "Mama Baby", naye anajibu kwa sauti ndogo kama mtu asiyetaka kusikiwa.

Wiki iliyopita tulienda kliniki, kituo kilekile, sista mwingine. Mama mkwe alikuja pia. Sista alifungua kitabu kipya, akaanza kujaza ukurasa wa mbele: jina, umri, mtaa.

"Mimba ya ngapi?"

"Ya kwanza," mama mkwe akasema haraka, kwa nia njema.

Sista aliinua kichwa. Akamtazama jirani yangu, kalamu hewani, akangoja. Nyuma yetu foleni ilifika mlangoni.

"Ya pili," jirani akasema.

Sista akaandika 2, akageuza ukurasa, akauliza, "Na wa kwanza, ilikuwaje?"